Majina ya watoto yafutwe

Siku hizi programu nyingi za kompyuta huendeshwa ndani ya kontena. Kontena likifutwa, kumbukumbu zilizomo hupotea nalo. Ndiyo sababu mafundi huzikusanya nje mapema, kwa zana kama OpenTelemetry iliyoanzishwa mwaka 2019, ili wajue hitilafu imetokea wapi. Hilo ni jema.

Lakini kumbukumbu hizo zaweza kubeba majina ya wanafunzi na simu za wazazi, ambazo sisi walimu huzijaza. Zana hiyo inaweza kuzifuta taarifa hizo kabla hazijahifadhiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 tunayo. Wahusika wasingoje madhara. Fundi anahitaji kujua kosa, si jina la mtoto.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Singida.