Mashujaa Watatu na Vikongwe Wao

Mwezi huu tuweke kando uji wa lishe na kadi za kliniki, tumenye karanga tukisimuliana hadithi. Miungu ya Wayunani si migeni kwetu. Katika Matendo ya Mitume sura ya 14, watu wa Listra walimwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, wakaleta na ng'ombe wa kuwatolea dhabihu! Leo nawaletea mashujaa watatu wa hadithi za kale. Kila mmoja tumpime kwa jambo moja tu: alikutanaje na bibi kizee?

Wa kwanza ni Perseus, mwana wa Zeu. Alikuwa akimtafuta Medusa, yule mwenye nyoka kichwani badala ya nywele. Njia waliijua ajuza watatu, ndugu wa tumbo moja, wenye jicho moja na jino moja kwa wote. Mmoja akitaka kula, aombe jino. Akitaka kumwona mgeni, aombe jicho. Perseus akavizia wakati jicho linapokezanwa, akalinyakua, akawabana mpaka wakasema njia. Shujaa gani huyo, jamani, wa kupora vikongwe?

Wa pili ni Thor, mungu wa radi wa watu wa Kaskazini mwa Ulaya. Alhamisi ya Waingereza imebeba jina lake. Alifika kwa mfalme wa majitu akijigamba. Akaambiwa amwinue paka, akaweza mguu mmoja tu. Kwa hasira akataka mtu wa kushindana naye mieleka. Mfalme akamwita bibi aliyemlea, Elli. Kadiri Thor alivyokaza misuli, ndivyo bibi alivyosimama imara, hata shujaa akapiga goti. Baadaye akaambiwa siri: Elli ni Uzee wenyewe, na hakuna awezaye kumwangusha. Mabinti zangu mnaocheka mikunjo ya wakwe zenu, mmesikia?

Wa tatu ni wa kwetu Usukumani, Masala Kulangwa. Jitu Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao, akasalia mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye pumba. Mwanawe alipokua akaanza kuliwinda jitu. Aliua panzi, akauliza, "Mayu, ndiye huyu?" Mama akajibu, "Bado, mwanangu." Mwishowe akaliua lenyewe, akalipasua tumbo, watu wakatoka wazima. Lakini kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi akawaka, akataka kumloga.

Hapo ndipo ninapompenda kijana huyu. Hakumwambia, "Shukuru umetoka tumboni." Wala hakuwaita watu wenye mapanga. Alitafuta dawa, akalitibu sikio likapona. Ndipo watu wakamfanya mtemi.

Akina mama, hadithi hii ni yetu, lakini je, tunaifuata? Tangu Bariadi ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga, kabla ya Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, vikongwe wa Usukumani wameuawa kwa kuitwa wachawi, na ushahidi ni macho mekundu! Sisi wauguzi macho hayo tunayajua. Ni moshi wa kinyesi cha ng'ombe na miti ya pamba, miaka arobaini ndani ya jiko lisilo na dirisha. Ni moshi wa ugali tuliokula sisi. Wengine wana vikope: kope zimegeukia ndani, zinakwaruza jicho kila wanapopepesa. Vikope vina dawa, na kope hizo hurekebishwa kwa upasuaji mdogo.

Kwa hiyo ukimwona bibi mwenye macho mekundu, mshike mkono umpeleke hospitali. Jikoni kwake toboeni dirisha. Na mtu akianza kunong'ona neno "mchawi", mwulize mbele ya watu: wewe ni Perseus, au ni Masala Kulangwa?