KIFUA KUUMA UKIWA UMEKAA SI UVIVU

Ndugu Wanachama,

Twawaandikia kutoka Isiolo. Reli haijafika huku, lakini watu wa reli tupo, tunaopanda Nanyuki kwenda kazini na kushuka kwetu wakati wa likizo. Neno letu ni moja. Yuko mnyapara mwenye desturi ya kusema: "Mtu akishikwa na kifua akibeba taruma, huyo ni mgonjwa. Akishikwa amekaa, huyo ni mvivu." Twasema huo ni uongo, tena uongo unaoweza kuua mtu.

Moyo hulishwa damu na mishipa yake wenyewe. Kwa wagonjwa wengi mishipa hiyo huziba kidogo kidogo kwa mafuta, na maumivu huja mtu akijitumikisha. Lakini uko ugonjwa mwingine. Mshipa hujikaza ghafula, kama mpira wa maji uliobanwa na mkono. Damu hupungua, kifua huuma. Baada ya dakika chache mshipa hulegea. Mwaka 1959 daktari Myron Prinzmetal wa Marekani na wenzake waliueleza ugonjwa huo. Huja mtu akipumzika, hasa kati ya usiku wa manane na alfajiri. Asubuhi mtu yule yule hutembea kama mzima. Je, amedanganya?

Tena sikilizeni habari za wafanyi kazi wenzetu. Mwaka 1972 madaktari wa Marekani waliandika juu ya watu wa kiwanda cha silaha walioshika nitrogliserini kila siku ya kazi. Kitu hicho hupanua mishipa. Walipokaa mbali nacho siku za mapumziko, mishipa ilijikaza, wakashikwa na kifua. Kazini walikuwa wazima, nyumbani wagonjwa, na ugonjwa wenyewe ulitoka kazini!

Sisi hatushiki nitrogliserini, lakini tuna sigara na miraa. Sigara ni adui mkubwa wa mishipa hiyo. Miraa ya Nyambene, jirani zetu, ina kathinoni, nayo hukaza mishipa. Mwaka 2005 madaktari wa Yemen walilinganisha wagonjwa 100 wa shambulio la moyo na watu 100 wasio nalo, wakaona watafunaji wa miraa wamo katika hatari kubwa zaidi. Basi, ndugu, mwenye kuumwa kifua aache vyote viwili. Lakini wenye kazi wasifurahi upesi. Wengi wetu hutafuna ili wasilale katika zamu ndefu ya usiku. Anayepanga zamu hizo asimtupie mtafunaji lawama yote.

Dawa ipo. Nitrogliserini ile ile, ikiwekwa chini ya ulimi, hulegeza mshipa upesi. Nyingine humezwa kila siku kuzuia maumivu yasirudi, kama amlodipini na diltiazemu. Lakini propranololi, dawa ya presha, yaweza kuuzidisha ugonjwa huu. Kwa hiyo usiazime vidonge vya jirani, mwone daktari. Na usingoje kuche. Mashine ya kupima umeme wa moyo huonyesha ugonjwa huu wakati maumivu yapo; yakiisha, karatasi yaweza kutoka safi. Mshipa ukikawia kulegea, moyo huumia kabisa, na mtu aweza kufa.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, mwenye kushikwa na kifua apelekwe hospitali saa ile ile, usiku au mchana. Pili, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ifuatwe. Kifungu cha 34 chamtaka mwenye kazi atoe dawa, na ikiwezekana tabibu kwa ugonjwa mzito. Kifungu cha 30 champa mfanyi kazi aliyetimiza miezi miwili, mwenye cheti cha daktari, siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, wala si chini ya hapo. Tatu, mgonjwa asiitwe mvivu kabla hajapimwa.

Mnyapara ajua taruma. Moyo tumwachie daktari.

Umoja ni nguvu.