Yunomine: Mgeni Njoo Upone

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kijiji cha Yunomine, kilichojibanza bondeni katika milima ya rasi ya Kii, kusini mwa jiji la Osaka nchini Japani, methali hiyo imegeuzwa juu chini. Huko mgeni ndiye ajaye ili apone, naye mwenyeji ni maji ya moto yabubujikayo kutoka ardhini. Yasimuliwa kuwa chemchemi hizo ziligunduliwa yapata miaka 1,800 iliyopita, na wengi huzihesabu miongoni mwa zile kongwe zaidi nchini humo. Swali linalozuka ni hili: je, mgeni wa leo huzuru nini hasa? Huzuru maji, au huzuru kisa kilichoyapa maji hayo maana?

Yunomine ni kijiji kidogo. Kijito kimoja chapita katikati, nyumba za wageni zimejipanga kandokando, na mvuke wenye harufu ya salfa hutanda juu yake. Pana kisima kiitwacho Yuzutsu ambacho maji yake yana joto la takriban nyuzi 90. Wenyeji na wageni hutumbukiza humo mayai na mboga, vikaiva pasipo kuni wala makaa. Hatua chache kutoka hapo pana kibanda cha mbao kilichojengwa juu ya kijito. Ndani yake mna Tsuboyu, bwawa dogo la mwambani lisilotosha zaidi ya watu wawili au watatu. Mwenye kutaka kuoga hulipa, akapewa nambari, akangoja zamu yake ya nusu saa. Mwaka wa 2004, shirika la UNESCO lilipoziingiza njia za hija za milima ya Kii katika Orodha ya Urithi wa Dunia, Tsuboyu nayo iliingia. Ni nadra mno binadamu kuruhusiwa kuvua nguo na kuoga ndani ya urithi wa dunia.

Hata hivyo, Tsuboyu haikuanza kuwa mahali pa starehe. Yunomine ilikuwa kituo cha mahujaji waliokuwa wakielekea Hongu, mojawapo ya mahekalu matatu makuu ya Kumano. Katika karne ya 12, Mfalme mstaafu Go-Shirakawa aliihiji Kumano zaidi ya mara thelathini. Mwaka wa 1201, mshairi Fujiwara no Teika aliandamana na Mfalme mstaafu Go-Toba katika safari hiyo, akaacha shajara inayoeleza taabu za njiani. Baadaye makabwela nao walifuata, wakawa wengi hata wakafananishwa na mlolongo wa sisimizi. Walipofika Yunomine, walijitwaharisha kwa maji ya moto kabla ya kukivuka kilima kwa njia iitwayo Dainichi-goe. Desturi hiyo haijafa. Hadi leo, tarehe 13 Aprili, akina baba huwapeleka wana wao wadogo Yunomine kutakaswa, kisha huwabeba mabegani kukivuka kilima hicho kuelekea Hongu.

Lakini kilichoipa Tsuboyu jina si wafalme hao. Ni kisa cha Oguri Hangan. Shujaa huyo alimwoa Terute pasipo ridhaa ya jamaa za mkewe, na baba mkwe akamwua kwa sumu. Alipofika kuzimu, Enma, mfalme wa huko, aliamua arejeshwe duniani. Akarejea akiwa gofu la mtu: haoni, hasikii, hasemi wala hatembei. Shingoni alitundikwa maandishi yaliyomwahidi thawabu yeyote ambaye angemkokota. Akawekwa katika mkokoteni, na wapita njia wakapokezana kamba, huyu leo, yule kesho, kuelekea Kumano. Miongoni mwao alikuwemo Terute mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa ameuzwa na kufanywa mtumishi katika nyumba ya wageni. Aliomba ruhusa, akaikokota maiti hai ile kwa siku kadhaa pasipo kujua kuwa ni mumewe. Hatimaye Oguri alifikishwa Yunomine. Baada ya siku 7 za kuoga macho yalifumbuka; baada ya siku 14 masikio yalizibuka; baada ya siku 21 alinena; na siku ya 49 alirudia umbo lake kamili.

Kisa hiki hakikutungwa katika ikulu. Kilienezwa na watambaji wa sekkyo, mafukara waliotamba hadithi njiani na karibu na mahekalu, watu waliohesabiwa kuwa duni kabisa katika jamii yao. Hapana shaka kwamba waliisimulia hali yao wenyewe na ya wasikilizaji wao. Wasomi wengi wameona katika mwili wa Oguri taswira ya mgonjwa wa ukoma, aliyefukuzwa kwao na kuachwa kutangatanga katika njia za hija. Kumano ilisifika kwa kuwapokea wote: wanaume kwa wanawake, matajiri kwa maskini, wazima kwa wagonjwa. Huu ndio moyo wa Yunomine. Anayeyaoga maji yake asijue hayo ameoga tu, hajazuru.

Wapo watakaopinga. Watasema kuwa maji huponya kwa madini yake, na kwamba hadithi ni pambo la kuwavutia watalii. Hoja hiyo ina ufa. Japani ina chemchemi za maji moto kwa maelfu, nyingi zikiwa pana na nzuri kuliko bwawa la watu wawili. Mtu hawezi kungoja zamu yake kwenye kibanda kile kwa sababu ya salfa peke yake. Kinachomvuta ni neno lililotamkwa, likapokewa, likapokezwa, mfano wa kamba ya ule mkokoteni.

Isitoshe, historia yaonyesha hatari ya kuyahifadhi mawe na kuusahau ujumbe. Nchi iliyomwimba Oguri ilitunga sheria mwaka wa 1907 ya kuwaondoa barabarani wagonjwa wa ukoma waliokuwa wakitangatanga na kuwatenga makambini. Sera ya kuwatenga ilipanuliwa mwaka wa 1931, na sheria yake ikafutwa mwaka wa 1996 tu, ijapokuwa dawa za kuuponya ugonjwa huo zilikuwa zimepatikana miongo mingi kabla. Oguri wa karne ya 20 hakukokotwa kupelekwa kwenye maji. Alifungiwa nyuma ya ua. Vivyo hivyo, katika milima hiyohiyo ya Kii, na katika orodha ileile ya mwaka wa 2004, umo mlima Omine ambao kilele chake hadi leo wanawake hawaruhusiwi kukikwea, ingawa serikali ilikwisha kuondoa marufuku ya namna hiyo katika mahekalu tangu mwaka wa 1872. Watetezi wa desturi hiyo husema mila ni mila. Lakini kisa cha Yunomine nacho ni mila, na ndani yake aliyemkokota Oguri kwa mapenzi makuu alikuwa mwanamke. Terute angelikatazwa njiani, Oguri angelioza mkokotenini.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana la kujifunza hapa. Misitu ya Kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha hiyohiyo mwaka wa 2008. Kisa cha Fumo Liyongo, shujaa mwingine aliyesalitiwa na watu wa damu yake, kimefungamana na pwani ya Kenya kama kile cha Oguri kilivyofungamana na Yunomine. Fasihi simulizi hufundishwa darasani kwa vipera na sifa zake, na hilo ni jema. Hata hivyo, kipera kilichong'olewa mahali pake ni mti uliokatwa mizizi. Anayehifadhi msitu wa Kaya na ahifadhi pia sauti ya mzee anayejua kwa nini mti fulani haukatwi. Anayekusanya hadithi na aulize ilitambwa na nani, ikamtetea nani, na ni nani anayenyimwa leo kile ambacho hadithi ilimwahidi. Maana mwacha mila ni mtumwa, lakini mshika mila asiyeijua maana yake naye hayuko huru.

Huko Yunomine pangali na kilima kidogo ambapo, kwa mujibu wa masimulizi, mkokoteni wa Oguri ulizikwa baada ya yeye kupona. Wageni wengi hukipita mbio wakiiwahi zamu yao ya nusu saa. Afadhali mgeni asimame hapo kwanza, akakumbuka kuwa mgonjwa yule hakufika kwa miguu yake. Alifikishwa na mikono ya watu wasiomjua.