Mwacheni mshambuliaji na goti lake

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, wapenzi wa kabumbu wanaozungumza Kiswahili, kuanzia Kariakoo hadi Muscat, kuanzia Mombasa hadi Leicester, hugeuka madaktari. Hutajwa mshambuliaji fulani kwamba huenda akauzwa, na kabla hata dau halijajulikana goti lake limeshapasuliwa barazani. "Yule amekwisha." "Miguu yake ya kioo." "Goti lile limeshafunguliwa mara mbili, wanatuletea mgonjwa." Lugha yenyewe ni ile ya mtu anayekagua gari lililotumika bandarini: injini imeguswa, usinunue.

Hatusemi mashabiki wanyamaze. Ubishi wa soka ni katika starehe chache zisizolipiwa kodi, na kwa sisi tunaoishi mbali na nyumbani ndio unaotukutanisha Jumamosi hata na wale tusioelewana nao siasa. Tunalosema ni kwamba ubishi huu umekuwa wa kikatili, na ukatili wenyewe unatuficha mambo tunayopaswa kuyaulizia.

Chukueni mfano ulio karibu nasi kabisa. Januari 2020 Watanzania walisherehekea Mbwana Samatta kuhamia Aston Villa kutoka Genk ya Ubelgiji, Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza. Walikuwa na haki ya kusherehekea. Kijana wa Mbagala aliyepita Simba na TP Mazembe, aliyefunga mabao 23 ya ligi ya Ubelgiji msimu wa 2018/19 na kuisaidia Genk kutwaa ubingwa, alistahili kila kigelegele. Lakini nafasi ile ilipatikanaje? Siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 2020, Villa walikuwa ugenini Burnley. Mshambuliaji wao Mbrazil, Wesley Moraes, ambaye walimnunua miezi sita tu nyuma kwa kiasi cha pauni milioni 22, dau kubwa kuliko yote ya klabu hiyo hadi wakati ule, aliumia vibaya kano za goti. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa amevaa jezi ya Brazil kwa mara ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Wesley hakurudi uwanjani hadi Aprili 2021, na hakupata tena nafasi yake pale Villa. Furaha yetu ilizaliwa katika goti la mtoto wa watu. Hilo si kosa la Samatta wala la yeyote, ndivyo soka lilivyo. Ajabu ni kwamba miezi michache baadaye, Samatta alipokuwa na bao moja la ligi katika mechi 14, pamoja na lile la kichwa alilowafunga Manchester City kwenye fainali ya Kombe la Ligi, ndimi zile zile zilianza kumpima na yeye. Mzito, amechoka, labda anaficha jeraha. Septemba mwaka huo huo akapelekwa Fenerbahce kwa mkopo.

Wataalamu wa barazani pia wana rekodi mbaya ya kutabiri. Ruud van Nistelrooy alikwama vipimo vya afya Manchester United Aprili 2000, na siku chache baadaye kano ya goti ikakatika mazoezini huko PSV. Kila mtu alimzika. Mwaka mmoja baadaye United walirudi wakatoa pauni milioni 19, naye akawafungia mabao 150 katika mechi 219. Demba Ba alikataliwa na Stoke Januari 2011 kwa sababu ya goti. West Ham wakamchukua, akafunga saba katika nusu msimu, kisha msimu uliofuata akafunga 16 ya ligi akiwa Newcastle.

Na Nwankwo Kanu? Huyu hakuwa na goti bovu, alikuwa na moyo. Alitoka Atlanta 1996 na medali ya dhahabu ya Olimpiki, akaenda Inter Milan, na madaktari wakagundua kasoro katika vali ya moyo. Alifanyiwa upasuaji Cleveland, Marekani, Novemba mwaka huo. Wengi waliona basi, kijana ashukuru Mungu na akae nyumbani. Oktoba 1999 aliwafunga Chelsea mabao matatu katika dakika kumi na tano za mwisho, Arsenal wakashinda 3-2. Mwaka 2000 akaanzisha mfuko wa kulipia upasuaji wa moyo wa watoto wa Kiafrika. Sisi tungependa mashabiki wanaokariri mabao yale wakariri na hilo la mwisho.

Klabu ina haki ya kupima kabla ya kutoa mamilioni, hatubishani hapo. Swali letu ni jingine: jeraha likitokea, nani anabeba mzigo? Wakubwa wamekwisha kujipangia. Michael Owen alipokatika kano za goti dakika ya kwanza dhidi ya Sweden, Kombe la Dunia 2006, Newcastle walipigania fidia hadi wakaipata. Tangu 2012 FIFA ina mpango wa kuwafidia waajiri wa mchezaji anayeumia akiwa na timu ya taifa na kukaa nje zaidi ya siku 28, hadi euro milioni 7.5 kwa mchezaji mmoja. Fedha hizo huenda kwa klabu. Klabu inalindwa, mshahara unaendelea, na sisi barazani tunamwita mchezaji mzigo.

Sasa teremkeni huku kwetu. Kijana anaumia goti kwenye mechi ya mchangani au ligi ya daraja la chini. Anawekewa barafu, anachuliwa, anaambiwa apumzike wiki mbili. Akiwa na bahati anapigwa eksirei, na eksirei huonyesha mfupa, kano haionekani. Anaambiwa hakuna kilichovunjika, rudi mazoezini. Kumbe kano imekatika, na kano iliyokatika mara nyingi inahitaji upasuaji na kwa kawaida miezi sita hadi tisa ya mazoezi ya tiba, wakati mwingine zaidi. Anarudi kwa sindano ya maumivu kwa sababu kuna mechi ya watani, na shabiki aliye jukwaani anamzomea kwamba hakimbii.

Hapo ndipo tulio nje tunapoingia. Hakuna aliyeko ughaibuni ambaye hajapigiwa simu: "Mjomba, kuna kijana anajua mpira, mtafutie timu huko." Kijana anakuja majaribio na goti linalouma, anaficha, kwa kuwa nauli imechangwa na ukoo mzima. Wakala naye anaficha, kwa kuwa ana chake. Akiumia siku ya pili ya majaribio hana bima, hana mkataba, na visa inahesabu siku.

Wengi hawajui kwamba kifungu cha 18 cha kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji kinakataza mkataba kuwekewa sharti la kupita vipimo vya afya. Maana yake klabu ipime kwanza, isaini baadaye. Ikishasaini haiwezi kuurarua mkataba kwa kusema daktari ameona kitu. Kijana anayeambiwa "saini hapa, ukifeli vipimo tutaachana" anadanganywa, na mjomba aliyemsindikiza anapaswa kulijua hilo kabla ya kupiga picha ya kumbukumbu.

Kwa hiyo simu ijayo ikipigwa, kabla ya kuuliza anafunga mabao mangapi, ulizeni nani atalipa hospitali akianguka siku ya kwanza, na majibu yaandikwe. Na goti lake likipigwa picha, nakala ibaki kwake yeye, si kwa wakala.