MAZUNGUMZO YA BARAZANI: Dawa Yangu Ilikuwa Njia ya Kisimani

Juma hili nataka kuungama mbele yenu kosa moja. Si kosa la kupelekwa kwa hakimu, lakini nusura linipeleke kaburini. Kosa lenyewe ni uvivu wa miguu.

Nilipokuwa kijana nilikwenda kwa miguu kila mahali: shuleni, gulioni, kigangoni, hata ukweni. Hakuna aliyeniambia kwamba nafanya mazoezi. Kisha bodaboda zikaingia kijijini kwetu. Mwanzoni nilipanda siku ya mvua tu. Baadaye nikapanda kwenda gulioni, kisha kwenda dukani, na mwishowe hata kwenda kanisani, ambako kengele yake naisikia nikiwa kitandani! Shilingi 1,000 kwenda, shilingi 1,000 kurudi. Kwa siku sita za juma ni shilingi 12,000, na kwa majuma manne ni 48,000. Na mtoto akiniomba viatu vya shule, namjibu, “Subiri kahawa iuzwe.”

Mwaka jana kichwa kikaanza kuniuma, na nikipanda kilima kidogo pumzi inanikatika. Nikaenda zahanati. Tabibu wetu, binti mwenye adabu, akanipima akaona presha yangu ni 160 kwa 100. Akanipa vidonge, akaniambia nipunguze chumvi na nifanye mazoezi.

Nikacheka. “Binti yangu, mimi ni mkulima. Wataka nikimbie barabarani nimevaa kaptula kama mtoto wa shule?”

Akaniuliza kwa upole, “Mzee, jana shamba lako limelimwa na nani?”

Nikanyamaza kimya. Maana waliolima ni mama watoto na vijana. Mimi nilikwenda kuwasimamia, nimekaa juu ya jiwe.

Ndipo akanisimulia habari ya zamani ambayo nami nawapa ninyi. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, jina lake Jeremy Morris, pamoja na wenzake, walitangaza uchunguzi wao juu ya watu wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kitini mchana kutwa, lakini konda alipanda na kushuka ngazi kuuza tikiti. Wote ni wafanyakazi wa mji mmoja na mabasi yale yale. Hata hivyo ugonjwa wa moyo uliwapata madereva zaidi kuliko makonda. Kadhalika walipowatazama watu wa posta, waliona kwamba waliogawa barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa na afadhali kuliko makarani waliokaa mezani. Bwana Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 99. Angalieni basi: wale makonda hawakufanya mazoezi kwa jina la mazoezi. Walifanya kazi yao tu, na kazi ikawalinda.

Lakini mimi sikuelewa upesi. Nikaondoka alfajiri nikakimbia peke yangu. Siku ya kwanza mbwa walinifukuza. Siku ya pili jirani alinimulika tochi, akidhani ni mwizi. Siku ya tatu nikalala. Jambo lifanywalo kama adhabu halidumu.

Jioni moja nimekaa kibarazani juu ya kigoda changu, nikamwona mama watoto akirudi kisimani. Ngata kichwani, ndoo ya lita 20 juu yake. Ndugu zangu, lita 20 za maji ni kilo 20. Na hiyo ilikuwa safari yake ya tatu siku ile. Akatua ndoo, akashika kiuno, akanitazama. Hakunigombeza. Alisema tu, “Baba watoto, tabibu amesema utembee. Njia ya kisimani ni ndefu ya kutosha. Kesho twende wote.”

Maneno yale yalinichoma. Nyumba moja, watu wawili: mmoja augua kwa sababu ya kukaa, na mwenzake aumwa mgongo kwa sababu hapati nafasi ya kukaa! Dawa yangu ilikuwa juu ya kichwa cha mke wangu, nami naitafuta mbali.

Basi kesho yake tukaenda. Nilichukua madumu mawili madogo ya lita tano tano, moja kila mkono, maana tabibu alinionya nisianze na mizigo mizito. Vijana wa kijiweni wakacheka. Mmoja akasema, “Mzee amelishwa limbwata!” Siku zile za kwanza nilitazama chini kwa aibu, na mara mbili nilipumzika njiani.

Lakini, wasomaji wapenzi, njiani watu huzungumza. Nyumbani tulikuwa tukiongea habari za chumvi na mafuta ya taa tu. Njiani mama watoto alinieleza kwamba mgongo unamsumbua tangu miaka miwili iliyopita, naye alinificha. Akanieleza pia kwamba mtoto wetu wa pili anataka kuacha shule, kwa kuwa viatu vyake vimepasuka na wenzake humcheka. Nilisimama pale pale. Fedha za viatu zilikuwapo siku zote! Nilikuwa nazilipia bodaboda ili nisitembee, nikazidi kuugua. Mwisho wa mwezi ule tulinunua viatu, na mtoto yuko shuleni hata leo.

Sasa yapata mwaka mzima. Madumu yangu yamekuwa ya lita kumi kumi, na mama watoto huenda kisimani mara moja tu kwa siku, kwa kuwa vijana wetu wa kiume nao wameona baba yao hana haya, wakachukua ndoo. Mwezi uliopita presha ilikuwa 138 kwa 86. Vidonge bado nameza, maana tabibu hajaniambia niache. Na jambo la ajabu ni hili: mvua ikinizuia kwenda, nasikitika. Naikosa njia yangu, salamu za majirani, na mazungumzo ya asubuhi.

Nimejifunza mambo matatu. La kwanza, usiende peke yako. Mwenzi hufupisha njia. La pili, miguu yako iende mahali penye faida: kisimani, shambani, kumtazama mgonjwa. La tatu, anza kidogo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 liliwashauri watu wazima watembee au wafanye kazi ya kutoa jasho dakika 150 hadi 300 kwa juma, nalo lilisema hata kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Dakika 150 ni nusu saa tu kwa siku tano. Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye maumivu ya kifua au ugonjwa mwingine na amwone tabibu kwanza.

Sisemi kwamba bodaboda ni mbaya. Mama mjamzito, mgonjwa, na msafiri wa mbali wanaihitaji. Lakini kutembea si dalili ya ufukara. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama mpaka Mwanza kwa miguu ili kuliunga mkono Azimio la Arusha. Rais hakukosa gari!

Na neno la mwisho kwenu akina baba. Msirudi nyumbani leo mkawaambie wake zenu, “Gazeti limesema ufanye mazoezi.” Wao wamekwisha kuyafanya tangu alfajiri. Mazoezi yao wanayoyahitaji ni kukaa. Yenu yako kisimani, penye kuni, na kwenye mpini wa jembe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka afya kadhalika.

Juma hili jaribuni siku moja tu. Chukua dumu, mwite mwenzako, nendeni polepole. Wakikuchekeni kijiweni, wasalimuni kwa furaha mpite.

Kwaherini mpaka juma lijalo.