Mafundi wa kuchomelea aluminiamu tuwatafute wapi?

Naomba nitoe maoni yangu juu ya jambo lililonisumbua kwa muda wa miezi minne, na ambalo naamini linawasumbua madereva wengi hapa nchini ingawa hatulisemi hadharani. Jambo lenyewe ni ugumu wa kumpata fundi anayeweza kuchomelea viungio vya aluminiamu vya mabomba ya kiyoyozi cha gari.

Najua wapo watakaosema kwamba nchi ina mambo mengi mazito, na huyu bwana analilia ubaridi wa garini. Nawaomba wasinihukumu kabla ya kunisikiliza. Mimi ni dereva wa teksi hapa Dar es Salaam, na kila mkazi wa jiji hili anajua joto la kuanzia Desemba hadi Machi lilivyo. Abiria wa siku hizi wanaoita gari kwa simu wakikuta hewa ya moto wanakushushia alama, na alama zikishuka kazi nazo zinapungua. Lakini hao tuwaweke kando. Mteja wangu wa kudumu alikuwa mzee mmoja wa Mbagala ambaye figo zake zimeshindwa kazi. Nilikuwa nikimpeleka hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mtu aliyelala kwenye mashine ile kwa saa nne hutoka hana nguvu kabisa. Tena mgonjwa wa namna hiyo hupimiwa maji ya kunywa kwa siku, kwa hiyo joto likimkausha koo garini hana ruhusa ya kunywa kama mimi na wewe. Ukifungua madirisha, Barabara ya Kilwa inakuletea vumbi na moshi wa malori. Je, kwa mtu kama huyo kiyoyozi ni anasa?

Gari langu ni dogo, lililotumika Japani kabla ya kuletwa hapa, kama yalivyo magari mengi tunayoendesha. Mwezi wa Desemba lilianza kupuliza hewa ya moto. Fundi wa kwanza hakufungua boneti kwa zaidi ya dakika tano. Alisema, "Gesi imeisha, mzee," akajaza, nikalipa Sh. 60,000. Baridi ilidumu wiki tatu. Nikaenda kwa fundi wa pili, naye akasema maneno yale yale na kunitoza kiasi kile kile. Safari hii baridi ilidumu siku tisa.

Hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba, ikibanwa na kompresa na kupozwa mbele ya rejeta, kisha inarudi tena. Ikipungua upesi, maana yake kuna mahali inapovuja. Kumjazia mtu gesi bila kutafuta tundu ni sawa na kumwuzia maji mwenye ndoo iliyotoboka, na kesho yake ukamwuzia tena. Biashara ya namna hiyo ina faida kubwa kwa mjazaji, na sioni kwa nini ataiacha yeye mwenyewe kwa hiari yake.

Fundi wa tatu, kijana mdogo tu, alifanya kazi ya kiungwana. Alipaka povu la sabuni kwenye viungio vyote, tukaona mapovu yakitoka kwenye shingo ya bomba la aluminiamu, pale linapoingia kwenye kichwa kinachofungwa kwa bolti kwenye kompresa. Mpira wa kishikizo kilicholishika bomba lile ulikuwa umekwisha, kwa hiyo bomba lilikuwa likitikisika pamoja na injini mpaka shingo ikapata ufa mwembamba kama unywele. Kijana yule alinieleza wazi kwamba yeye hana chombo cha kuchomelea aluminiamu, wala hamjui mwenye nacho.

Nikaanza kuzunguka. Nimepita Gerezani, nimepita Keko, nimepita Ilala mpaka nimezoeleka. Mafundi wa kuchomelea chuma ni wengi ajabu, na kazi zao za mageti na nondo za madirisha ni nzuri za kujivunia. Nikitaja aluminiamu, wanatikisa kichwa. Wapo walionielekeza kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu, ambao nao wamejaa kila mtaa, lakini wale hukata na kufunga kwa skrubu na ribiti, hawachomelei kitu. Mmoja alipaka gundi ya chuma, ile ya kuchanganya mirija miwili. Bomba lile huwa na mgandamizo mara kadhaa kuliko ule wa tairi la gari, tena ni la moto na linatikisika mchana kutwa. Gundi ilibanduka siku ya pili. Mwingine alishauri tukate bomba tuweke mpira wa kupitishia petroli na kubana kwa klipu. Nilikataa, kwani gesi ile hupenya mpira wa kawaida, na klipu haiwezi kuhimili mgandamizo ule.

Lakini walionitisha hasa ni wawili. Wa kwanza alitaka kuwasha moto juu ya bomba hali gesi iliyobaki ingali ndani. Gesi hii ikikutana na moto mkali huvunjika na kutoa hewa ya sumu inayoumiza mapafu, na hiyo ni mbali na hatari ya bomba lenyewe kupasuka. Wa pili alitaka kupima kama pameziba kwa kujaza oksijeni kutoka kwenye mtungi wake wa kuchomelea. Ndani ya mfumo ule kuna mafuta ya kompresa, na oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta inaweza kulipuka na kuua. Kinachotumika kupimia ni naitrojeni kavu. Siwasemi ndugu hawa kwa ubaya. Ni watu wa kazi, wana familia, na hakuna aliyepata kuwakalisha chini akawafundisha. Ila siku mmoja wao atakapoumia tutasema ni bahati mbaya.

Wenye kuuliza kwa nini jambo hili ni gumu kuliko kuchomelea geti, nitawaeleza nilivyoelezwa na nilivyoona kwa macho yangu. Aluminiamu huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660 hivi za Sentigredi. Lakini juu yake daima kuna utando mwembamba, ambao ni kutu yake isiyoonekana, na utando huo hauyeyuki mpaka uzidi nyuzi 2,000. Kwa hiyo fundi akipasha moto, chuma cha ndani kinakuwa uji wakati ngozi ya juu ingali ngumu. Tena aluminiamu haiwi nyekundu kama chuma kabla ya kuyeyuka. Inakutazama vile vile ilivyo nyeupe, kisha ghafla inadondoka kama mshumaa. Jirani yangu mmoja wa kijiweni alipoteza bomba zima namna hiyo.

Njia iliyo sahihi ni kuchomelea kwa gesi ya agoni na sindano ya tangisteni, kwa mashine inayotoa umeme unaobadilika mwelekeo. Kule kubadilika kwa umeme ndiko kunakoupasua ule utando, na agoni huizuia hewa isiuumbe upya. Iko pia njia ya vijiti maalumu vya kulehemu aluminiamu, vinavyoyeyuka kabla ya bomba lenyewe kuyeyuka, ambayo baadhi ya mafundi wa friji wanaimudu. Kwa ufa mdogo inafaa, lakini mkono usiotulia unaharibu.

Ndugu Mhariri, fundi nilimpata mwezi wa nne, na nilimpata mahali ambapo sikutegemea, yaani katika yadi ya kutengeneza matela ya kubebea mafuta. Matangi mengi ya matela hayo ni ya aluminiamu ili yawe mepesi, kwa hiyo wenyewe hawana budi kuwa na mashine ya agoni na mtu wa kuitumia. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Gesi umeshatoa yote?" La pili, "Bomba umelileta mkononi au bado liko garini?" Nikajua hapa nimefika. Alilisugua kwa brashi ya waya usiopata kutu ambayo haigusishi chuma kingine, akalifuta mafuta, akaupanua ufa kwa tupa ili dawa iingie mpaka chini. Uso wa kichwa cha bomba, pale panapokaa oringi, aliukinga usipinde. Kuchomelea kwenyewe hakukuchukua dakika kumi. Kisha akajaza naitrojeni, akazamisha bomba katika ndoo ya maji, tukakaa tukitazama. Hapakutoka hata povu moja. Alinitoza Sh. 40,000, ambayo ni chini ya bei ya kujaza gesi mara moja. Nilinunua oringi mpya na mpira wa kishikizo, mfumo ukanyonywa hewa na unyevu kwa pampu, ukajazwa gesi kwa kipimo, na mpaka leo ninapoandika barua hii gari linapoza.

Lakini yule mzee wa Mbagala alikwisha kupata gari jingine mwezi wa pili, na simlaumu hata kidogo.

Wapo watakaoniuliza kwa nini sikununua bomba jipya. La gari langu halikuwapo madukani, na la kuagiza lingekula muda na fedha. Lile la kukata kwenye gari bovu lina umri sawa na la kwangu na limetikisika miaka ile ile. Inashangaza kwamba tunaagiza vipuri kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni ili kuziba ufa wa milimita tatu, wakati ujuzi wa kuuziba uko hapa hapa mjini, umejificha nyuma ya ukuta wa yadi ya matela.

Kwa maoni yangu, wahusika wanaweza kulifanya jambo hili kuwa rahisi bila gharama ya kutisha. SIDO ipo tangu mwaka 1973 na ina mitaa ya viwanda mikoani. Mashine moja ya agoni na mtungi wake, vikiwekwa mahali pamoja na kukodishwa kwa saa, vingeweza kuhudumia mafundi makumi wasioweza kununua vya kwao. VETA nayo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ningeiomba iwafikirie zaidi mafundi ambao tayari wako kazini. Fundi wa gereji ya chini ya mwembe hawezi kufunga kazi miezi sita akasome, watoto watakula nini? Lakini mafunzo ya jioni kwa wiki chache, juu ya aluminiamu peke yake, atakuja. Na mtihani uwe ni bomba lililochomelewa na kuzamishwa ndani ya ndoo, siyo maswali ya karatasi tu.

Hali kadhalika, naona wakati umefika wa kukataza kabisa kujaza gesi kwenye gari ambalo halijapimwa uvujaji. Hili si langu peke yangu na mfuko wangu. Nchi yetu iliingia katika Mkataba wa Montreal mwaka 1993, na gesi za zamani zilizokuwa zikitoboa utando wa ozoni zikaondolewa. Gesi iliyoko katika magari mengi tunayoendesha, ile ya R-134a, haidhuru ozoni, lakini kilo yake moja ikiachwa hewani huongeza joto la dunia kuliko kilo 1,300 za hewa ukaa. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana hapo jirani, Kigali, yakakubaliana kupunguza matumizi ya gesi za jamii hiyo. Sasa hesabu mwenyewe: gari dogo linabeba kama nusu kilo, na mimi nimejaziwa mara mbili katika muda wa wiki chache, yote ikaenda hewani kupitia ufa wa unywele. Joto linalotufanya tuhitaji viyoyozi tunaliongeza wenyewe kwa kutoziba matundu yake.

Madereva wenzangu nawaambia hivi. Ukijaziwa gesi, dai povu la sabuni kwanza. Ukimpata anayesema anachomelea aluminiamu, mwulize anatumia gesi gani ya kukinga na anapimaje akimaliza. Akijibu agoni na naitrojeni, mwachie bomba. Akisema atajaribu tu, chukua bomba lako uondoke nalo, kwani likishayeyuka halirudi.

Na nyinyi mafundi wa agoni mlioko katika yadi za matela na karakana za maboti, mbona mmejificha hivyo? Tundikeni ubao barabarani, hata wa chaki, wenye maneno manne tu: Aluminiamu inachomelewa hapa, karibu. Wateja wapo, nami nimekwisha kuwaelekeza sita kwa fundi wangu, na wote wamemkuta ana kazi nyingine mkononi.

Dereva wa Teksi,
Temeke,
Dar es Salaam.