DJ Afro tunaye, maandishi yako wapi?

Leo naweka kando mambo ya programu kidogo, tuongee sinema. Msiogope, tutarudi kwenye kompyuta hukohuko.

Kwa wale tuliokua tukirukaruka juu ya viti kwa ajili ya Power Rangers: kipindi kile kilipoanza Marekani mwaka 1993, sehemu kubwa ya mapigano yake ilichukuliwa kutoka Zyuranger, kipindi cha Kijapani cha mwaka 1992 katika mfululizo wa Super Sentai. Mwaka 2012 Wajapani wakawakutanisha mashujaa wa Super Sentai na wale wa Kamen Rider katika sinema moja, Super Hero Taisen. Majuzi nimekutana na nakala yake yenye maandishi ya Kivietnam chini ya picha, kazi ya mashabiki. Sikuelewa hata neno moja, lakini niliona wivu.

Wivu wa nini? Vietnam nao wana desturi kama yetu: mtu mmoja anasema maneno ya wahusika wote juu ya picha. Sisi tuna DJ Afro, Dar es Salaam ilimjua Lufufu, Uganda wana VJ Jingo na wenzake. Tofauti ni kwamba mashabiki wa Vietnam wameongeza na maandishi. Sisi tumeishia kwenye sauti.

Sisemi DJ Afro aondoke, la hasha! Nimekulia vibanda vya video vya Kondele hapa Kisumu, shilingi 10 mkononi, tumebanana kwenye benchi. Lakini nilikuwa naenda na binamu yangu ambaye ni kiziwi. Kibanda kizima kinaangua kicheko, yeye ananigeukia kuuliza kuna nini. Namjibu kwa ishara: baadaye. Hiyo baadaye haikufika. Katiba yetu ya mwaka 2010 inataja Lugha ya Ishara ya Kenya, lakini kibandani haikumsaidia.

Sasa upande wa ufundi, maana watu hudhani ni kazi ya studio. Faili la SRT ni maandishi matupu. Unaandika namba ya mstari, chini yake muda wa kuanza na wa kuisha, kisha maneno, halafu unaacha nafasi. Muda unaandikwa hivi: 00:01:12,500 --> 00:01:15,000. Basi! Lipe faili jina lile lile la video, liweke kwenye folda moja, VLC italisoma lenyewe. Kwa sinema nzima faili hilo ni dogo kuliko picha moja ya simu yako. Ukikosea neno, unalisahihisha bila kugusa video. Sauti ya DJ ikishachanganywa na video huwezi kuisahihisha hivyo.

Na tusijitetee kwa lugha. Kivietnam kina alama juu na chini ya irabu, na zamani kompyuta zilikuwa zikiziharibu vibaya. Kiswahili na Dholuo vinaandikwa kwa herufi za kawaida zilizo kwenye kila kibodi. Sisi tuna kazi rahisi zaidi.

Mtaniambia wazee wetu wengine hawasomi. Kweli, ndiyo maana nasema vyote viwili, sauti na maandishi. Mtaniambia pia kuhusu hakimiliki. Hilo nakubali kabisa: tafsiri ya mashabiki isiyo na ruhusa ina utata, na sinema ya Wajapani ni mali yao. Basi tuanze na za kwetu, ambazo mwenyewe tunaweza kumpigia simu.

Mimi nimeshaanza. Jirani alipiga video ya dakika kumi kuhusu wavuvi wa Dunga, mazungumzo yote ni Dholuo. Kwa ruhusa yake nimeiwekea maandishi ya Kiswahili. Imenichukua jioni tatu, nyingi zikiishia kwenye kurekebisha muda. Jumapili nilimwonyesha binamu. Palipofika mzee anapomtania kijana aliyerudi na nyavu tupu, binamu alicheka pale pale, pamoja na sisi wote.

Kwa hiyo wadau, mwenye kompyuta na jioni moja achague video fupi ya mtu anayemfahamu, aombe ruhusa, aanze na mistari kumi. Naomba kuwasilisha.